Jicho la Nyuma ya Gari: Waya Wake Uanzie Wapi?

Alfajiri katika mji mdogo wa Maganzo, jirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui, mtu hakosi kusikia kofi likipigwa juu ya bodi ya lori. Huyo ni utingo. Amesimama nyuma ya Fuso lililosheheni magunia, mkono mmoja juu ya bodi na mwingine hewani, akiita kwa sauti ya kupanda na kushuka: "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia. Njoo tena... Haya!" Halafu makofi mawili ya haraka, na lori linasimama shubiri chache kutoka ukuta wa ghala. Dereva hakuuona ukuta ule hata mara moja. Aliuamini mkono wa mwenzake, basi.

Gari la familia halina utingo. Baba anayewahi zamu ya asubuhi mgodini, au mama anayekwenda dukani kwake Shinyanga mjini, huwasha injini akiwa peke yake, hutupa jicho katika vioo vitatu, hutia gia ya rivasi na kutoka uani kinyumenyume, saa ile ile ambayo watoto wamekwisha kutoka nje na ndoo, fagio na mipira yao ya makaratasi.

Ndugu msomaji, yafaa ufanye jaribio moja Jumapili hii, nalo halina gharama yoyote. Keti katika kiti cha dereva. Mwambie mtu aweke nyuma ya bampa ndoo mbili kubwa za maji, moja juu ya nyingine, kisha azisogeze nyuma hatua moja moja mpaka wewe uzione katika kioo cha ndani. Hesabu hatua hizo. Mtoto wa miaka miwili hazidi sana kimo cha ndoo hizo mbili, na kila hatua uliyoihesabu ni mahali anapoweza kusimama, akacheka, akakuita, nawe usimwone. Mwenye gari refu kama Noah au Land Cruiser atahesabu hatua nyingi kuliko mwenye gari fupi, jambo ambalo huwashangaza wale wanaodhani kuwa kukaa juu ni kuona zaidi.

WAZO LA ZAMANI

Kamera ya kumwonyesha dereva yaliyo nyuma yake si wazo la juzi. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilitembeza gari la maonyesho liitwalo Centurion, lililokuwa na kamera ya televisheni mkiani na skrini katika dashibodi mahali pa kioo cha kutazamia nyuma. Gari hilo halikuuzwa kwa watu. Ilipita miaka 35 kabla ya Toyota kuiweka kamera ya namna hiyo katika gari lake la Soarer, lililouzwa huko huko Japani mwaka 1991, na kwa miaka mingi baadaye jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni anasa ya matajiri.

Kilichoigeuza anasa hiyo kuwa sheria ni kifo cha mtoto. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka miwili aliyeitwa Cameron Gulbransen aligongwa uani kwao na gari lililokuwa likirudi nyuma. Dereva alikuwa baba yake mzazi. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa sahihi mwaka 2008, kanuni yake ikatolewa mwaka 2014, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani hapana budi liwe na kamera ya nyuma. Wakati wa kutoa kanuni hiyo, idara ya usalama wa barabarani ya nchi hiyo ilikadiria kuwa watu 210 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kugongwa na magari yarudiyo nyuma, na karibu theluthi moja yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Japani nayo ilianza mwaka 2022 kuyalazimisha magari ya miundo mipya yawe na kamera au kifaa kingine cha kumwezesha dereva kutambua yaliyo nyuma.

Lakini magari yetu sisi huja yakiwa yametumika huko kwa miaka mingi. Probox au IST inayoteremshwa bandarini Dar es Salaam aghalabu ni ya zamani kuliko sheria hizo. Ama haina kamera, ama inayo lakini skrini yake inazungumza Kijapani na kumwonyesha mwenye gari ramani ya mitaa ya Osaka. Kwa hiyo watu hununua kamera madukani na kumpelekea fundi azifunge. Kamera yenyewe haina taabu: matundu mawili juu ya pleti namba na skrubu mbili, kazi imekwisha. Taabu huanza pale fundi anaposhika waya mwekundu mkononi na kutafuta mahali pa kuutia.

KIGARI CHA MAKOPO

Nayaandika haya kwa sababu nimeyaona uani kwangu. Fundi wa kwanza aliyenifungia kamera, ambaye sitamtaja wala mahali pake, aliutoa umeme moja kwa moja kwenye betri. Aliniambia kuwa hapo umeme ni wa uhakika na picha haitakatikakatika, nami nikaona amesema la maana. Picha ilikuwa safi kweli. Ila ilikuwa safi saa zote, hata gari limezimwa na ufunguo uko mfukoni. Nilisafiri siku nne kwa basi kwenda Mwanza, na niliporudi gari halikuguna hata kidogo. Jirani akanishtua kwa betri yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ndogo hunywa umeme kiasi cha ampea 0.1 hadi 0.2, na skrini yake huongeza hapo. Tuseme zote mbili zinakunywa nusu ampea. Kwa saa 24 zimekula ampea-saa 12. Betri ya gari dogo hubeba kiasi cha ampea-saa 45, na ikishapungua nusu, hasa ikiwa imezeeka, haina tena nguvu ya kuizungusha injini. Siku mbili zinatosha.

Badala ya kumrudia fundi, nikajitungia dawa yangu: kila usiku nachomoa waya, kila asubuhi nauchomeka. Mwenye kuzoea jambo hulisahau. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa, nikaingia garini, nikatia rivasi, nikatazama skrini kwa mazoea. Ilikuwa nyeusi. Nikasema leo nitaenda na vioo. Gari lilipoanza kurudi nikasikia kitu kikipondeka chini ya gurudumu, sauti ya bati na waya.

Sijui nilitokaje garini. Kilichopondeka kilikuwa kigari cha mwanangu, vile vigari vya makopo na waya ambavyo watoto huvisukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu. Mwenyewe alikuwa amesimama ukutani, karibu na mlango wa jiko, hatua mbili kutoka gurudumu. Hakulia. Alikuwa akiutazama usukani uliobaki mkononi mwake.

Siku ile sikuenda kazini mapema. Nililipeleka gari kwa fundi mwingine, mtu mzima afanyaye kazi ya umeme wa magari Shinyanga mjini. Alifungua boneti, akaufuata ule waya kwa kidole mpaka kwenye betri, akanigeukia.

"Mzee, hii kamera inakesha. Gari limelala, yenyewe inakesha, na betri ndiyo inayolipa."

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Tuipe umeme wa rivasi peke yake. Gia ikiingia iamke, gia ikitoka ilale. Wewe usiguse kitu."

UMEME UTOKE WAPI

Katika gari dogo kuna mahali patatu ambapo fundi anaweza kuutoa umeme wa kamera. Pa kwanza ni betri, na habari zake nimekwisha kuzieleza. Pa pili ni kwenye kisanduku cha fyuzi, katika njia inayopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, kama ile ya redio au ya kuwashia sigara. Kamera iliyofungwa hapo huwaka muda wote wa safari na huzimika pamoja na gari. Si vibaya, na kwa mtu anayevuta tela ni bora hata, kwa kuwa anataka kulitazama tela lake njiani. Pa tatu ni kwenye taa ya rivasi, na kwa gari la nyumbani hapo ndipo penyewe.

Sababu yake iko katika namna taa hiyo inavyofanya kazi. Kwenye giaboksi kuna swichi ndogo. Dereva anapotia gia ya rivasi, swichi hiyo hufunga njia ya umeme, na umeme hukimbia hadi kwenye ile taa nyeupe ya nyuma. Gia ikitoka, njia hukatika. Kamera ikipandishwa juu ya waya huo huo itaamka na kulala pamoja na taa, bila ya kumtegemea dereva aliyechelewa. Wala hailemei njia ile: balbu ya rivasi ni ya wati 16 hadi 21, ilhali kamera yenyewe, kwa volti 12, hutumia wati moja au mbili tu.

Fundi wangu alianza kwa kutia mawe mbele na nyuma ya magurudumu na kuvuta breki ya mkono. Akazungusha ufunguo bila ya kuwasha injini, akanitaka nikanyage breki na kutia rivasi. Kijana wake alisimama ubavuni mwa gari, si nyuma yake, akachokoa nyaya za taa kwa testa. Rangi hakuziamini, kwani hubadilika toka gari hadi gari. Alitafuta waya ule ambao unawasha testa gia ikiwa ndani na kuizima gia ikitoka. Alipoupata akaufunga alama ya tepu, akazima gari, ndipo akafungua waya wa hasi wa betri kabla ya kukata chochote.

Hapo naomba mwenye gari la Kijapani asimame kidogo. Redio nyingi za magari hayo zikikosa umeme wa betri hata kwa dakika chache hujifunga, kisha hudai kadi ya ramani au namba za siri ambazo zilibaki kwa mwenye gari wa kwanza huko Japani. Muulize fundi habari hiyo kabla hajagusa betri, maana baadaye mtabaki mkilaumiana. Mwenye redio ya namna hiyo anaweza kumwomba fundi achomoe fyuzi ya taa za rivasi peke yake, nayo yatosha kwa kazi hii.

Waya mwekundu wa kamera ukaungwa kwenye ule wenye alama. Kiungo kikalehemiwa kwa risasi, kikavishwa mpira, maana kiungo cha kusokota kwa vidole na kuzungushiwa tepu hulegea kwa mitikisiko ya barabara zetu za changarawe. Karibu kabisa na kiungo hicho ikawekwa fyuzi ya ampea moja. Kazi ya fyuzi hiyo si kuilinda kamera tu. Inalinda waya wote wa taa usiungue endapo waya wa kamera utachubuka na kugusa bodi. Ile desturi ya kuziba mahali pa fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni sawa na kuiweka njiti ya kiberiti ndani ya gari na kusubiri.

Waya mweusi, ule wa hasi ambao mafundi huuita arthi, ulifungwa kwa skrubu kwenye chuma cha bodi baada ya rangi kukwanguliwa mpaka chuma king'ae. Kamera nyingi zinazolaumiwa kwa picha yenye mawimbi au inayopotea hazina kosa. Arthi yake ilikazwa juu ya rangi au kutu.

Baki la kazi ni waya mrefu wa picha, unaopita chini ya mazulia hadi kwenye dashibodi. Pembeni mwake hufuatana na uzi mwembamba mwekundu ambao watu wengi huukata wakidhani ni wa ziada. Uzi huo ndio unaoipelekea skrini habari kuwa gia ya rivasi imeingia; nyuma huungwa pamoja na umeme wa kamera, na mbele huungwa kwenye waya wa skrini uliotengwa kwa ajili hiyo. Bila yake, kamera itakuwa macho lakini skrini itaendelea kuonyesha redio. Mahali waya unapovuka bawaba ya mlango wa nyuma upitishwe ndani ya ule mrija wa mpira wa kiwandani, tena uachiwe ulegevu kidogo, la sivyo mlango utaukata baada ya miezi michache ya kufungua na kufunga.

Magari mapya ya Ulaya yana ukorofi wake: umeme wa taa hupelekwa kwa mapigo ya haraka ambayo macho hayayaoni lakini kamera huyaona, na picha ikapepesa. Hapo fundi huongeza kichujio cha umeme. Wenye Probox hawana haja ya kukisumbukia.

Jaribio la mwisho ndilo lililonifurahisha. Kijana alisimama nyuma ya gari lililozimwa, upande wa kushoto, akapunga mkono. Katika skrini alionekana kulia. Fundi akacheka, akaingia uvunguni na kukata kitanzi kidogo cha waya kilichoning'inia karibu na kamera, na kijana akahamia kushoto. Kamera ya nyuma lazima igeuze picha kama kioo kinavyogeuza. Iliyowekwa kwa namna ya kamera ya mbele itamfanya dereva akate usukani kumkimbia mtoto na kumwelekea huyo huyo.

LORI SI GARI DOGO

Kamera yangu ilipomalizwa, dereva wa Fuso aliyekuwa akingoja zamu yake aliomba afungiwe kama ile ile. Fundi akamkatalia mpaka asome maandishi ya kwenye kasha. Gari dogo hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24 zitokazo katika betri mbili zilizofuatanishwa. Kamera ya volti 12 ikipewa umeme wa taa ya rivasi ya lori hutoa moshi pale pale. Zipo zilizoandikwa 12 hadi 24, hizo hazina neno, na isiyoandikwa hivyo itanguliziwe kifaa cha kupunguza volti. Wapo wanaofanya ujanja wa kuchukua umeme katika betri moja kati ya zile mbili ili wapate volti 12. Betri hiyo hupungua peke yake, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili huharibika.

Mwenye lori huyo alikuwa akibeba mawe ya dhahabu huko Geita, toka mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye makarasha. Aliyefika katika uwanja wa makarasha anafahamu kelele zake: mashine zinasaga mawe kutwa, honi haisikiki, wala kofi la utingo juu ya bodi halisikiki. Akina mama wanaokota na kuponda mawe kando ya njia ya malori, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Katika migodi mikubwa ya wazi mashine zina kengele za kurudia nyuma na watu wa miguu wametengewa njia zao. Katika uwanja wa karasha kila mtu hupita anapoweza. Dereva yule alisema hataki kumwachisha utingo kazi. Anataka waone wawili. Nami niliona amefikiri vizuri kuliko mimi.

Zimebaki mvua. Huku kwetu zinapoanza mwishoni mwa mwaka, ule udongo mweusi wa mbuga hurushwa na magurudumu na kuiziba kamera kabisa, na kiangazi vumbi hufanya kazi hiyo hiyo polepole zaidi. Kwa hiyo nimetundika kitambaa kwenye mlango wa nyuma. Kila asubuhi nalizunguka gari, naifuta kamera, na katika kuzunguka huko naona kwa macho yangu nani yuko wapi uani.

Waya uliobaki baada ya kazi, kiasi cha mita moja na nusu, fundi alinirudishia ndani ya kasha la kamera. Kijana wa jirani aliutumia kumtengenezea mwanangu kigari kingine, chenye magurudumu ya visoda na usukani mwekundu. Sasa hulazwa ndani usiku, chini ya kitanda.